Si kila dawa ya minyoo inayoshindwa ni bandia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie lalamiko ambalo wafugaji wa kondoo hulitoa kila mvua zinapokolea, kwamba dawa za minyoo za siku hizi hazina nguvu, zimechujuliwa, au ni bandia tangu zilikotoka. Sikatai kwamba dawa bandia zipo, wala sikatai kwamba chupa iliyoachwa juani au iliyopitwa na muda wake haiwezi kutibu. Ninachokataa ni mazoea ya kuishia hapo. Mara nyingi dawa ni ile ile iliyokuwa ikiua minyoo miaka ya nyuma, kipimo ni kile kile na kondoo ni wa ukoo ule ule. Aliyetofautiana na babu zake ni mnyoo. Tofauti hiyo imo katika jeni zake, huirithisha kwa watoto wake, na sisi tulioshughulika na mifugo, wafugaji pamoja na wataalamu, ndio tuliomchagua aishi huku wenzake wakifa.

Nitamtumia mnyoo mmoja kuwa mfano, kwa kuwa ndiye anayeua kondoo wengi katika nchi zenye joto na unyevu, na ndiye aliyechunguzwa kuliko wenzake. Jina lake la kitaalamu ni Haemonchus contortus. Makazi yake ni tumbo la nne la kondoo, na jike wake hutambulika kwa utumbo mwekundu uliojaa damu, uliozungushiwa mirija myeupe ya uzazi kama nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Mnyoo mmoja humpotezea kondoo takriban mililita 0.05 za damu kwa siku, kiasi kisichotisha hadi mtu akumbuke kwamba kondoo mmoja anaweza kubeba minyoo 5,000, na hapo damu inayopotea hufika robo lita kila siku. Ndiyo sababu kope kwa ndani hugeuka nyeupe, maji hujaa chini ya taya, na wakati mwingine kondoo hufa akiwa bado amenona, bila hata kuharisha. Jike mmoja hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa, na penye joto na unyevu lava, yaani minyoo wachanga, hukomaa kwa muda wa wiki moja hivi, wakapanda kwenye majani yenye umande kumsubiri kondoo mwingine. Wiki tatu baada ya kuliwa, nao wanataga.

Watu husema minyoo "wamezoea" dawa, kama mlevi anavyozoea pombe. Naliona neno hilo kuwa chanzo cha makosa mengi, kwa sababu mnyoo mmoja mmoja hazoei chochote: akinyweshewa dawa ama hufa ama hapatwi na kitu, na yule asiyepatwa na kitu alizaliwa hivyo. Kutokana na wingi wa mayai niliyoyataja, kila kizazi huja na tofauti ndogo ndogo za kijenetiki zisizohesabika, na waliosoma jenomu ya mnyoo huyu, yaani jumla ya jeni zake, wamekuta kwamba tofauti kati ya mmoja na mwingine ni kubwa mno. Katika umati wa namna hiyo, si ajabu kuwapo wachache wenye badiliko linalowakinga dhidi ya dawa ambayo hawajawahi kukutana nayo. Dawa haitengenezi badiliko hilo. Inachofanya ni kuwaondoa wasio nalo, ikawaachia wenye nalo tumbo zima la kondoo na malisho yote.

Kwa dawa za familia ya benzimidazoli, ambamo albendazoli ni maarufu zaidi, jambo hili linajulikana hadi kwenye herufi ya DNA. Dawa hizo huua kwa kujishikiza kwenye protini iitwayo tubulini beta, ambayo ni kama matofali ya mirija midogo inayosafirisha mahitaji ndani ya seli za mnyoo. Dawa ikishajishikiza hapo, mirija haijengeki tena na mnyoo hufa kwa njaa ndani ya seli zake mwenyewe. Sasa, herufi moja tu ya jeni ya protini hiyo ikibadilika, asidi amino ya tirosini, mojawapo ya vipande vinavyounda protini, hukaa mahali pa nyingine iitwayo fenilalanini katika nafasi ya 200 ya mnyororo wa protini, na dawa hukosa pa kushika. Mabadiliko mengine yanayofanya kazi hiyo hiyo yako katika nafasi ya 167 na ya 198. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha pia kwamba badiliko la nafasi ya 200 halikuzuka mahali pamoja na kuenea kutoka hapo; limejitokeza lenyewe mara nyingi, katika makundi tofauti, kisha likasafirishwa na kondoo wanaouzwa huku na huku.

Usugu dhidi ya ivermektini hauelezeki kirahisi namna hiyo. Dawa hiyo hufungua milango ya kloridi katika neva na misuli ya mnyoo, ikampoozesha asiweze kula wala kujishikilia tumboni, na kwa miaka mingi watafiti walizishuku jeni nyingi bila kukubaliana. Majaribio ya kuzalisha minyoo sugu pamoja na wasio sugu, na kufuatilia vinasaba vya watoto wao, ndiyo yaliyoelekeza kwenye eneo moja la kromosomu ya tano.

Atakayedhani kwamba haya ni mambo mapya au ya kubahatisha na azitazame tarehe. Thiabendazoli, ya kwanza katika familia ya benzimidazoli, iliingia sokoni mwaka 1961, na minyoo sugu wa kondoo wakaripotiwa mwaka 1964. Levamisoli ilikuja mwaka 1970 na usugu wake ukaripotiwa mwaka 1979. Ivermektini ilianza kutumika kwa mifugo mwaka 1981, ikitokana na uvumbuzi ambao baadaye, mwaka 2015, uliwapatia William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel. Kufikia mwaka 1988 minyoo wa kondoo wasioiogopa walikuwa wamekwisha kuandikwa katika majarida. Monepanteli, ya familia mpya kabisa, ilianza kuuzwa mwaka 2009 na usugu ukaonekana mwaka 2013. Mtu akizipanga tarehe hizo kwa mstari ataona kwamba kusubiri dawa mpya ije kutuokoa si mpango. Tena usugu ukishatawala, kuipumzisha dawa kwa miaka kadhaa hakuirudishii nguvu yake, kwa kuwa minyoo sugu hawaonekani kudhoofishwa na badiliko walilonalo. Wanaendelea kuzaana vizuri hata dawa isipokuwapo.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwashauri wafugaji wawanyweshe dawa kondoo wote siku moja, bila kumbakiza hata mmoja, kisha wawahamishie siku hiyo hiyo kwenye malisho safi yaliyopumzishwa. Ndivyo tulivyofundishwa, na kwa macho ushauri ule ulikuwa mzuri, maana kondoo walinenepa. Lakini tuchukue mfano wa kukadiria. Kondoo ana minyoo 10,000, na kumi kati yao ni sugu, watano majike. Kabla ya dawa, mayai yao yamepotea ndani ya bahari ya mayai ya wengine. Baada ya dawa wamebaki wao peke yao. Majike hao watano wakitaga mayai 5,000 kila mmoja kwa siku, kwa wiki tatu watakuwa wamemwaga zaidi ya nusu milioni, na kwa kuwa malisho ni safi hakuna lava wengine wa kuchanganyika nao. Malisho yale tuliyoyalinda kwa jitihada yote ile yamepandwa mbegu ya minyoo sugu pekee. Kama kondoo wangebaki kwenye malisho ya zamani, wangeendelea kula lava waliotagwa kabla ya dawa, na watoto wa wale kumi wangeoana na watoto wa minyoo wa kawaida, usugu ukachelewa sana kutawala.

Wataalamu huwaita minyoo hao ambao dawa haikuwagusa, wawe lava katika majani au wakubwa ndani ya kondoo asiyenyweshwa, kwa neno lenye maana ya makimbilio, na ninaliona neno hilo linafaa. Makimbilio hayo ndiyo akiba ya jeni ambazo dawa bado inaziweza. Yakiwa makubwa, usugu huenda polepole. Yakiwa madogo, hukimbia. Ndiyo maana kunywesha kundi zima katikati ya ukame mkali, jambo ambalo pia tulilisifu, kuna hatari ya pekee: majani yamekauka, lava wamekufa, na karibu minyoo wote waliobaki duniani kwa mfugaji huyo wamo matumboni mwa kondoo wake. Dawa ikipita hapo, kizazi kijacho chote kitatoka kwa walioishinda.

Najua jinsi inavyokuwa vigumu kumwambia mtu aliyezika kondoo watano aache minyoo wengine wakiwa hai kwa makusudi. Niliposikia wazo hilo mara ya kwanza nililiona la kipuuzi. Kilichonibadilisha ni kuelewa kwamba minyoo hawagawanyiki sawasawa ndani ya kundi. Sehemu ndogo ya kondoo, mara nyingi chini ya theluthi moja, hubeba minyoo walio wengi na huchafua malisho kwa niaba ya wote, ilhali wengine wanaishi na minyoo wachache bila madhara ya kuonekana. Kazi basi ni kuwatambua hao wachache. Kwa mnyoo huyu anayenyonya damu, watafiti wa Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano iitwayo FAMACHA, ambayo mfugaji huilinganisha na rangi ya ndani ya kope la chini la kondoo. Namba 1 ni wekundu wa afya, namba 5 ni weupe wa kukaribia kufa. Walio katika namba 4 na 5 hunyweshwa, namba 1 na 2 huachwa, na namba 3 huamuliwa kwa kuangalia kama ni mwanakondoo, jike mwenye mimba au anayenyonyesha, au kama kundi zima limedhoofu. Kipindi cha mvua ukaguzi hauwezi kungoja mwezi. Wiki moja au mbili zinatosha kondoo kutoka rangi ya waridi hadi weupe. Kadi hiyo haisemi lolote kuhusu minyoo wasionyonya damu, kama vile Trichostrongylus wanaoharisha kondoo, na anayeitumia asije akasahau hilo.

Jambo la pili linalohitaji maneno mengi kidogo ni kipimo pungufu. Mnyoo, kama kondoo na kama sisi, hurithi nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kwa benzimidazoli, aliyerithi nakala moja tu ya usugu kwa kawaida hufa akikutana na kipimo kamili, na anayeponea ni mwenye nakala mbili, ambaye mwanzoni ni adimu sana. Ukipunguza kipimo, wenye nakala moja nao wanaokoka. Hao wakijamiiana wao kwa wao, robo ya watoto wao huzaliwa na nakala mbili. Kwa maneno mengine, mtu anayegawa chupa ya kondoo ishirini kwa kondoo thelathini anawatengenezea minyoo ndoa ambazo zisingefungwa. Uzito wa kukisia kwa macho huleta matokeo hayo hayo, kwa sababu wengi wetu hukisia chini. Mizani ni bora, na isipokuwapo ya kupimia kila mmoja, wapimwe kondoo waliolingana umbo na kipimo kifuate aliye mzito zaidi kati yao. Bomba la kunyweshea nalo lipimwe kama linatoa kiasi kinachoandikwa juu yake, na dawa iwekwe nyuma ya ulimi; ikimwagwa mbele ya mdomo huenda ikapita kando ya tumbo kubwa la kwanza, ambako ilitakiwa ikae na kutoka kidogo kidogo.

Wanaochunga kondoo na mbuzi pamoja wana tatizo lao. Mbuzi huitoa dawa mwilini upesi kuliko kondoo, hivyo kipimo cha kondoo kwa dawa nyingi ni kipimo pungufu kwa mbuzi, na minyoo wanaochujwa ndani ya mbuzi kwa njia hiyo ndio hao hao watakaoliwa na kondoo kesho. Mbuzi anahitaji kipimo chake kutoka kwa daktari wa mifugo. Nasema daktari kwa sababu wengine huamini dawa ya moto ni moto, wakizidisha tu, na levamisoli ina nafasi finyu kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachomdhuru mnyama.

Yote haya yatabaki maneno kama mfugaji hajui dawa ipi bado inafanya kazi kwake, na kulijua hilo kuna njia ya zamani isiyohitaji maabara kubwa. Kinyesi huchukuliwa kutoka kwa kondoo kumi hadi kumi na watano, moja kwa moja kwenye njia ya haja na si kuokotwa chini, na mayai huhesabiwa kwa hadubini. Kondoo hunyweshwa kipimo sahihi, na siku 10 hadi 14 baadaye huhesabiwa tena. Wastani ukishuka kutoka mayai 1,200 kwa gramu hadi 240, dawa imepunguza asilimia 80, na hapo ndipo udanganyifu ulipo: kondoo wale watapata nafuu, mwenye nao ataridhika, na bado hesabu hiyo inatuambia usugu upo, kwa kuwa punguzo lililo chini ya asilimia 95 linatosha kushuku. Upimaji huo wa mayai nao huchelewa. Usugu ukiwa bado chini ya takriban robo ya minyoo, hauonekani. Vipimo vya DNA huona mapema zaidi, na kwa benzimidazoli, ambayo nafasi zake tatu zinajulikana, vinategemewa kuliko kwa familia nyingine. Kwa anayeshuku dawa bandia, kuhesabu mayai ndiko kutakakomwondolea shaka, akilinganisha chupa anayoishuku na nyingine ya dawa ile ile kutoka chanzo anachokiamini: zikishindwa zote mbili kwa kiasi kile kile, muuzaji wa kwanza anastahili kuombwa radhi.

Kondoo mgeni ndiye mlango ambao usugu huingilia kwa urahisi zaidi. Dume zuri lililonunuliwa kwa ajili ya mbegu huja na minyoo wa alikotoka, pamoja na historia yote ya dawa za huko. Atengwe kwenye zizi lisilo na majani, anyweshwe dawa za familia mbili au tatu tofauti, asitoke kabla ya saa 48, na kinyesi chake kikaguliwe tena baada ya wiki mbili. Akiruhusiwa, aanzie kwenye malisho yaliyokwisha kuchafuliwa na kondoo wenyeji, ili mnyoo yeyote aliyeponea azame katika wingi wa wengine. Kuna chanjo pia dhidi ya Haemonchus, iliyosajiliwa Australia mwaka 2014, inayomfanya kondoo atengeneze kinga ndani ya damu ambayo mnyoo akiinywa inamdhuru utumbo, ingawa inahitaji kurudiwa mara kadhaa na haigusi aina nyingine za minyoo. Na kuna kondoo ambao kwa urithi wao wenyewe huwazuia minyoo, kama Red Maasai wa Afrika Mashariki, ambao walidharauliwa kwa umbo dogo wakati makundi mengi yalipokuwa yakibadilishwa damu kwa ajili ya nyama.

Nimalizie na ombi, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Mfugaji aliyekata tamaa na dawa moja huenda dukani "kubadilisha", akapewa chupa ya rangi nyingine yenye jina jingine la biashara, na ndani yake mna albendazoli ile ile, au fenbendazoli ambayo ni ndugu yake na hushika tubulini mahali pale pale. Kwa mnyoo hakuna kilichobadilika. Jina la kemikali limeandikwa nyuma kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu hazisomi bila miwani, na familia ya dawa mara nyingi haitajwi kabisa. Naomba wanaosajili dawa za mifugo wawatake watengenezaji waandike jina la familia upande wa mbele wa chupa, kwa herufi zilizo sawa na za jina la biashara, na chini yake kipimo kwa kila kilo ya uzito wa kondoo na, pale ambapo dawa inaruhusiwa kwa mbuzi, kipimo cha mbuzi kando yake.

Wako,
Afisa mifugo mstaafu na mfugaji wa kondoo